Sista Mary Kenneth Keller: Mtawa Aliyewafungulia Wengi Mlango wa Kompyuta



Wapendwa taifa la Mungu, wengi wetu tuliokwisha kuvuka umri wa miaka 40 tunaikumbuka siku tuliyoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Sisi tuliiona seminarini. Ilikuwa moja tu, imewekwa mezani katika chumba chenye mapazia mazito, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile mama zetu walivyoifunika redio sebuleni, na ilitupasa kuvua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Tulidhani kwamba chombo kile kimezaliwa katika ulimwengu usiolijua Kanisa, na kwamba padre au mtawa akikitumia anaazima tu vya wengine. Hatukujua kwamba zaidi ya miaka 30 kabla ya siku ile, mtawa mmoja wa Kanisa Katoliki alikwisha kuwa daktari wa sayansi ya kompyuta, tena mmoja wa watu wa kwanza kabisa nchini Marekani kutunukiwa shahada hiyo.

Mtawa huyo ni Sista Mary Kenneth Keller. Tumeona vyema kuyasimulia maisha yake kwa sababu yanagusa maswali mawili tunayoulizwa mara kwa mara vigangoni na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. La kwanza ni kama elimu ya mashine hizi inapatana na maisha ya sala. La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, ni kama inafaa kuendelea kumgharimia masomo mtoto wa kike, hasa akishapata mtoto wake mwenyewe. Mama Kanisa hajamtangaza Sista Keller kuwa mwenye heri wala mtakatifu, nasi hatumpi cheo asichopewa. Tunamtazama kama mwamini mwenzetu aliyeitumia vizuri talanta aliyokabidhiwa, hata ikawazalia wengine.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1913 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani, akapewa jina la Evelyn Marie. Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 18, aliingia katika Shirika la Masista wa Upendo wa Bikira Maria Mwenye Heri, wajulikanao kwa kifupi kama BVM, na mwaka 1940 aliweka nadhiri zake. Ili tumwelewe Sista huyu, yafaa kwanza tulielewe shirika lake. Lilianzishwa mwaka 1833 huko Philadelphia na wanawake watano kutoka Ireland, wakiongozwa na Mary Frances Clarke, ili kuwafundisha watoto wa wahamiaji. Miaka kumi baadaye Masista hao walihamia Dubuque, mji ulio kandokando ya mto Mississippi katika jimbo la Iowa, wakafungua shule. Tangu mwanzo, basi, karama yao ilikuwa elimu. Kwao mwalimu darasani yupo katika utume sawasawa na katekista aliye mbele ya wakatekumeni.

Njia yake ya masomo ilikuwa ndefu. Shahada ya kwanza katika hisabati aliipata mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha DePaul mjini Chicago, akiwa na umri wa miaka 29. Shahada ya uzamili katika hisabati na fizikia aliipata katika chuo hicho hicho mwaka 1953, akiwa na miaka 39. Tukiitazama miaka hiyo kwa macho ya leo, tunaweza kudhani kwamba alichelewa. Lakini mtawa aliyeweka nadhiri ya utii hasomi kwa kalenda yake mwenyewe. Husoma kadiri shirika linavyomtuma na kadiri utume unavyomwachia nafasi. Kati ya shahada moja na nyingine palikuwa na miaka kumi, naye hakuiacha njia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kompyuta haikuwa kitu cha nyumbani wala cha mfukoni. Ilikuwa mashine ya kujaza chumba kizima, yenye gharama iliyowezwa na serikali, makampuni makubwa na vyuo vikuu vichache. Anayetaka kuitumia aliandika maagizo yake, akayatoboa kwa matundu juu ya kadi za karatasi ngumu, kadi moja kwa kila mstari wa maagizo, kisha akakabidhi furushi la kadi zake na kusubiri majibu. Kosa dogo katika kadi moja lilitosha kuharibu kazi yote, naye alirudi kuanza upya. Ndiyo maana wakati ule kompyuta ilihesabiwa kuwa mali ya wanahisabati na wahandisi peke yao.

Sista Keller alikwenda kujifunza mahali ambapo hali hiyo ilikuwa inaanza kubadilika, yaani katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire. Chuo hicho kwa miaka hiyo kilikuwa cha wanaume. Wanawake walianza kupokewa humo kama wanafunzi wa kawaida wa shahada mwaka 1972 tu. Huko Dartmouth, mwaka 1964, wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, walizindua lugha ya kompyuta iitwayo BASIC. Nia yao ilikuwa moja: mwanafunzi asiye mwanahisabati, awe wa historia au wa fasihi, aweze kuiagiza kompyuta kwa maneno mafupi yanayoeleweka.

Hapa yatupasa kusema neno la ukweli. Katika masimulizi mengi kumhusu Sista Keller hutajwa kwamba yeye ndiye aliyeibuni lugha hiyo, au kwamba aliibuni pamoja na wenzake. Heshima ya kuibuni ni ya Kemeny na Kurtz, na wanafunzi wao waliofanya kazi usiku na mchana. Sista yeye alikuwa mwanafunzi na mtenda kazi katika kituo ambamo wazo hilo lilikuwa linakua, naye alilichukua moyoni na kulipeleka mbali, kama tutakavyoona. Tunalisema hili kwa sababu sisi waamini huingia haraka katika kishawishi cha kuwaongezea watu wema matendo wasiyoyatenda, tukidhani tunawatukuza. Sifa iliyoongezwa chumvi huishia kuwafanya wasikilizaji watie shaka hata juu ya yale yaliyo kweli. Na yaliyo kweli juu ya Sista huyu yanatosha.

Masomo yake ya udaktari aliyakamilisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Tasnifu yake ilihusu jinsi ya kufikia kanuni ya jumla kwa kuanzia katika mifano inayotolewa na kompyuta. Maneno hayo ni mazito, lakini jambo lenyewe tunaliona kila siku nyumbani mwetu. Mtoto mdogo husikia mtu na watu, mgeni na wageni, mpishi na wapishi. Hakuna aliyemfundisha sarufi, lakini siku moja akikutana na neno jipya, mkulima, yeye mwenyewe atasema wakulima. Kutoka katika mifano michache ameichota kanuni. Sista Keller alijiuliza namna hatua za aina hiyo zinavyoweza kuandikwa ili mashine izifuate, akitumia milinganyo ya aljebra na sehemu ile ya hisabati ishughulikayo na viwango vya mabadiliko. Programu zake aliziandika kwa lugha ya FORTRAN, iliyotumika sana na wanasayansi wa wakati ule.

Tarehe 7 Juni 1965 alitunukiwa shahada yake ya uzamivu, akiwa na umri wa miaka 51. Siku hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, mtaalamu mwingine aitwaye Irving Tang alitunukiwa udaktari wake. Hao wawili ndio wanaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini Marekani kupata udaktari wa sayansi ya kompyuta. Na kwa upande wa wanawake wa nchi hiyo, Sista Keller ndiye wa kwanza.

Tuutazame mwaka huo kwa macho ya Kanisa. Mwaka 1965 ulikuwa mwaka wa mwisho wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Mababa wa Mtaguso walikwisha kutoa, Desemba 1963, hati juu ya vyombo vya upashanaji habari. Oktoba 1965 walitoa hati juu ya upyaisho wa maisha ya kitawa, wakiyaalika mashirika kurudi katika karama za waanzilishi wao na papo hapo kuzisoma alama za nyakati. Desemba mwaka huo huo walitoa hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ambamo wanatambua kwamba sayansi ina uhuru wake halali, na kwamba anayechunguza viumbe kwa unyofu hapingani na Muumba wake. Sista Keller alikuwa amekwisha kuyaishi hayo kabla wino wa hati hizo haujakauka. Alirudi katika karama ya mwanzilishi wake, ambayo ni kufundisha, akaikuta mbele yake mashine mpya.

Udaktari kama ule, katika miaka ile, ungeweza kumfungulia milango ya maabara na vyuo vikubwa. Yeye alikuwa na nadhiri, akarudi nyumbani, katika Chuo cha Clarke mjini Dubuque. Hiki kilikuwa chuo kidogo cha wanawake, chenye chimbuko lake katika shule ile ya Masista ya mwaka 1843, na chenye kubeba jina la mwanzilishi wao. Huko, mwaka ule ule wa 1965, alianzisha idara ya sayansi ya kompyuta, wakati ambapo hata vyuo vikuu vingi vikubwa havikuwa nayo. Aliiongoza kwa miaka 20. Alianzisha pia masomo ya uzamili katika matumizi ya kompyuta kwa elimu, ili walimu wa shule waje wajifunze na kuyapeleka maarifa hayo kwa wanafunzi wao. Aliandika vitabu vinne katika fani yake. Tena alishiriki kuanzisha ASCUE, chama cha watumiaji wa kompyuta ndogo katika elimu, ambacho kiliviunganisha vyuo vyenye uwezo mdogo ili vishirikishane programu na uzoefu, kisiachwe nyuma chuo chochote kwa sababu tu hakina fedha za kulingana na wakubwa.

Katika ufundishaji wake lipo jambo moja ambalo sisi wachungaji tungependa likumbukwe kuliko mengine yote. Sista Keller aliwapokea darasani wanawake waliokwisha kuolewa na kuzaa, waliotaka kusoma au kurudi kazini, na aliwahimiza waje na watoto wao wachanga. Hakumwambia mama achague kati ya mtoto na kitabu. Darasa la sayansi mpya kabisa duniani lilikuwa na akina mama waliopakata watoto, na profesa wao alikuwa mtawa aliyevuka umri wa miaka 50. Yeye hakuwa na mtoto wa kumzaa, lakini aliufahamu mzigo wa mama, akauondoa mlangoni pa darasa lake. Twaweza kusema bila kuogopa kwamba huo ndio umama wa kiroho ambao Kanisa huufundisha inapoeleza nadhiri ya usafi wa moyo: moyo usiofungwa kwa familia moja ili uwe wazi kwa familia nyingi.

Kuhusu mashine yenyewe, mawazo yake yalikuwa ya kiasi na ya kuona mbali. Aliona kwamba habari na maarifa yanaongezeka kwa kasi kubwa mno, na kwamba maarifa yasiyoweza kufikiwa na mwenye kuyahitaji ni kama hayapo. Kwa hiyo aliiona kompyuta kama njia ya kuwafikishia watu maarifa, na alitarajia itumike hata maktabani. Aliona pia kwamba kwa mara ya kwanza binadamu ameweza kuiga kwa mashine baadhi ya hatua za kufikiri, na kwamba utafiti wa kile tukiitacho leo akili mnemba umewezekana. Lakini fikira zake hazikuishia hapo. Mara moja aliligeuza jambo hilo kuelekea elimu: mashine inaweza kumsaidia mtu kujifunza, na itafaa hasa kwa watu wazima watakaokuwa wakirudi masomoni kwa wingi. Aliyasema hayo miongo mingi kabla ya simu zetu za mkononi. Kipimo chake kilikuwa mwanafunzi. Mashine inayomsaidia mtu kukua katika maarifa imetimiza kazi yake.

Wala hakuwa peke yake katika Kanisa. Padre Roberto Busa, Myesuiti wa Italia, alizaliwa chini ya wiki tatu kabla yake, tarehe 28 Novemba 1913. Mwaka 1949 padre huyo alikwenda New York kuonana na Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akamwomba mashine za kumsaidia kuyapanga maneno yote yaliyomo katika maandiko ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. Kazi hiyo ilichukua takribani miaka 30 na kujaza majuzuu 56. Hivyo, upande mmoja wa bahari padre aliifundisha mashine kulitumikia neno lililoandikwa, na upande mwingine sista aliwafundisha watu kuitumia mashine. Tunapowasikia vijana wetu wakisema kwamba Kanisa limechelewa kuingia katika ulimwengu wa TEHAMA, tuwaeleze habari za hao wawili.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake ulikuwa na majaribu kwa jumuiya nzima ya chuo. Mwezi Mei 1984 moto mkubwa uliteketeza majengo ya zamani ya Clarke, pamoja na kikanisa chake. Mahali ambapo vizazi vya Masista na wanafunzi walisali pakawa majivu. Chuo hakikufa; kilianza kujengwa upya. Sista Keller hakuishi kuona kazi hiyo ikikamilika. Aliitwa na Mungu tarehe 10 Januari 1985, mjini Dubuque, akiwa na umri wa miaka 71, baada ya kuishi kitawa kwa zaidi ya nusu karne. Chuo kilikiita kituo chake cha kompyuta kwa jina lake. Lakini urithi wake mkubwa ni watu. Majengo huungua na mashine huzeeka. Kompyuta alizozitumia yeye leo haziwezi hata kushindana na simu ya mtoto wa sekondari. Kilichobaki ni yule mama aliyehitimu na mtoto wake mgongoni, na watoto wa mama huyo, na wanafunzi waliofundishwa na walimu waliopita mikononi mwake.

Wapendwa, hatuyasimulii maisha haya ili tuvutiwe tu na mambo ya mbali. Tukirudi parokiani kwetu, tutakuta maswali yale mawili yakitungoja.

Juu ya sala na sayansi, Sista Keller anatujibu kwa miaka 20 ya kufundisha ndani ya miaka zaidi ya 50 ya utawa. Hakuiacha rozari ili ashike kadi za kompyuta, wala hakuziacha kadi kwa kisingizio cha rozari. Kijana wetu anayeandika programu kwa uaminifu, asiyeiba kwa mtandao wala kuwachafulia wengine majina, yuko katika kazi ya Bwana. Mzazi asimwambie kwamba amepotea kwa sababu tu hakwenda seminarini. Lakini naye kijana ajiulize swali alilojiuliza Sista huyu: kipawa hiki nilichopewa kinamfungulia nani mlango? Talanta iliyofukiwa ndani ya simu, kwa michezo na picha zisizo na mwisho, imefukiwa kama ile ya yule mtumishi aliyeogopa.

Juu ya mtoto wa kike, tuseme wazi. Tumewaona mabinti wenye akili nzuri wakiondolewa masomoni kwa sababu wamepata watoto, na wakati mwingine tumeona haya kuliko huruma ndiyo iliyoamua. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imewafungulia mabinti waliojifungua mlango wa kurudi katika shule za serikali. Mlango wa serikali ukifunguka na wa nyumbani ukabaki umefungwa, binti huyo atapita wapi? Hatuhalalishi dhambi, wala hatupunguzi thamani ya ndoa. Tunakumbusha tu kwamba mtoto aliyezaliwa ni zawadi, si adhabu ya kumfungia mama yake elimu. Akina mama wa WAWATA, mnaojua kulea, mnaweza kulishika jambo hili katika Jumuiya zenu: nani atamshika mtoto kwa saa chache ili mama yake asome? Elimu haina mwisho, na mwaka wa 51 wa maisha haukuwa umechelewa kwa Sista Keller.

Nasi mapadre tujipime pia. Kompyuta ya ofisi ya parokia imewekwa kwa ajili ya nani? Ikiwa imefunikwa kitambaa wiki nzima, ikingoja tu matangazo ya Dominika, huenda kuna kijana wa parokia angeweza kufundishwa kwayo Jumamosi alasiri. Sista yule alikuwa na mashine chache katika chuo kidogo, akazitosheleza kwa wengi kwa sababu hakuzifungia.

Tumwombe Mwenyezi Mungu, aliye asili ya hekima yote, awape walimu wetu moyo wa kuwangoja wanaochelewa, awape watawa wetu ujasiri wa kuingia palipo papya bila kuiacha karama yao, na awape mabinti zetu nafasi ya kuzitumia akili alizowajalia. Naye Bikira Maria, mama aliyempakata Mwanae huku akiyatafakari yote moyoni mwake, awaombee akina mama wote walioko masomoni. Raha ya milele umpe ee Bwana mtumishi wako Mary Kenneth, pamoja na walimu wetu wote waliotutangulia. Amina.